M-Shwari: kampuni ya simu na benki ziligawanaje kazi?

Swali: Ndugu zangu, ninaandaa pendekezo la ushirikiano kati ya mtandao wa simu na watoa huduma za kidijitali. Kwa nini M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu ya kampuni ya Safaricom na Commercial Bank of Africa, iliyozinduliwa Kenya mwaka 2012, ilishika kasi vile?

Jibu la 1: Kila upande ulileta kile ambacho mwenzake hakuwa nacho. Commercial Bank of Africa ilikuwa na leseni ya kupokea amana na kukopesha, lakini matawi yake yalikuwa machache, ilhali Safaricom ilikuwa na mamilioni ya wateja wa M-Pesa, mawakala hadi vijijini, na kumbukumbu za matumizi ya simu zilizowezesha kumpima mkopaji asiye na hati ya mshahara wala dhamana. Mteja alifungua akaunti kwenye menyu ya M-Pesa, bila kufika benki.

Jibu la 2: Naafiki, ila ada ya mkopo, asilimia 7.5 kwa siku 30, ilikuwa mzigo kwa mwenye kipato kidogo. Mkataba utamke waziwazi nani anabeba hasara ya mikopo isiyolipwa na nani anashughulikia malalamiko.

Jibu la 3: Safaricom pia haikujifunga kwa benki moja, kwani mwaka 2015 ilianzisha KCB M-Pesa, huduma kama hiyo pamoja na benki ya KCB. Ndugu muulizaji, suala hilo lijadiliwe kabla ya kutia saini.