Wifi yangu mjamzito anataka nimbonyeze mkono. Nimfanyie?

FundiCherehani, Kawangware
Hamjambo wenzangu. Nashona sare za shule, na Januari nakata vitambaa hadi usiku, kichwa kinapasuka kuanzia shingoni. Mteja mmoja alinionyesha kubonyeza ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, nami hupata nafuu. Sasa wifi yangu tunayeishi naye ana mimba ya miezi miwili. Anatapika hata maji. Ameniona nikijibonyeza, anataka nimfanyie vivyo hivyo. Nimekataa kwa woga, lakini kumwona ameinamia beseni kila asubuhi kunanikata maini. Nani anaijua vizuri akupresha, hii tiba ya kubonyeza mwili?

MpendaAsili
Mbonyeze tu dada, si dawa ile. Haina madhara.

Mkandaji_Umoja
Fundi, ulifanya vyema kukataa. Hapo Wachina hupaita Hegu, na kwa mafundisho yao mjamzito habonyezwi hapo kabla ya uchungu wa kuzaa. Vilevile upande wa ndani wa mguu, upana wa vidole vinne juu ya kifundo. Hakuna uthibitisho kwamba huharibu mimba, lakini mimi sijaribu kwa mtoto wa mtu.

Pa kichefuchefu ni Neiguan. Ageuze kiganja juu, aweke vidole vitatu vyake mwenyewe, si vyako, kuanzia mkunjo wa kifundo cha mkono. Vinapoishia utahisi kano mbili kama kamba. Bonyeza katikati yake kwa gumba dakika mbili tatu, kisha mkono wa pili. Kata kucha kwanza. Akikunja uso, legeza.

MpendaAsili, na mimi nilisema hivyo zamani. Akaja mzee aliyeshuka basi la Mombasa, shavu la mguu mmoja tu limevimba, lina joto, ngozi imevutika. Nikamkanda nikidhani ni uchovu wa safari. Usiku ule hospitali wakamkuta na damu iliyoganda ndani ya mshipa. Donge lile lingeweza kung'oka likaenda mapafuni. Alipona, lakini nilikaa wiki nzima bila usingizi. Tangu hapo sigusi mtu kabla sijamuuliza: mguu mmoja umevimba? Unameza wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda? Una kisukari, na nyayo zina ganzi? Mwenye ganzi hakwambii unamuumiza, kwa sababu hahisi.

NesiWaZamu
Mkandaji amesema kweli, ila mimi nimeshika neno moja la fundi: "hata maji". Fundi, muulize alikojoa lini na mkojo ulikuwa wa rangi gani. Ukiwa wa rangi iliyokolea, au hajakojoa tangu asubuhi, au akisimama anaona kizunguzungu, mpeleke leo. Amepungukiwa na maji, huenda akahitaji dripu. Neiguan itangoja.

FundiCherehani
Nimemuuliza. Alikojoa mara moja tu, alfajiri, na mkojo ulikuwa rangi ya turungi. Nimefunika cherehani, anavaa sweta, tunatoka sasa hivi.