Ushauri wa haraka: hema gani la kulalia Karijini, Australia?

Mgosi wa Perth: Wakuu, nataka kupiga kambi siku tatu hifadhi ya Karijini, kule Pilbara, kama kilomita 1,400 kutoka hapa Perth. Nichukue hema la turubai zito au jepesi? Usingizi sipati.

Fundi Turubai: Jepesi. Vumbi lile jekundu liliniulia zipu usiku wa kwanza pale kambi ya Dales, nikafunga mlango kwa kamba ya kiatu. Ila asubuhi ukishuka maporomoko ya Fortescue, miamba ya chuma imepangana kama chapati, umri wake miaka bilioni 2.5, zipu unaisahau.

Mama Wawili: Hema baadaye. Unaenda lini, na nani?

Mgosi wa Perth: Katikati ya Januari.

Mama Wawili: Na nani?

Mgosi wa Perth: Na mama. Ana miaka 68, katoka Muheza, viza inaisha tarehe 31. Presha anayo ila dawa anameza. Jua kalizoea, kalima mihogo maisha yake yote. Na gari nimeshalipia.

Mama Wawili: Mdogo wangu, Januari kule joto linapita 40. Muheza kuna mwembe wa kukaa chini yake. Dales maji ya kunywa unabeba mwenyewe kwa madumu. Mvua ikinyesha mbali, korongo linajaa ghafla. 2004 mwokoaji wa kujitolea alifia korongo la Hancock kwa mafuriko hayo.

Babu Kibarazani: Mzazi hapelekwi porini. Wangu nilimleta Dar aone bahari, siku ya pili akataka kurudi kwa kuku wake.

Jicho Kavu: Hii chai. Huyu juzi aliulizia bodaboda Kahama.

Mgosi wa Perth: Bodaboda ni ya mdogo wangu. Mama nilimwonyesha Fern Pool kwenye simu, nikamwambia wenyeji wa asili wanaliheshimu bwawa lile, wanaomba watu waingie kimya kimya. Akaishika simu muda mrefu, akasema, "Nataka ninawe uso pale." Sasa nimwambie nini?

Mama Wawili: Mwambie Juni. Soma barua ya viza yake: kama haina sharti 8503, lile linalokataza kuomba viza nyingine ukiwa bado Australia, aombe nyingine kabla ya tarehe 31. Halafu pale ngazi za chuma ni nyingi, utangulie mbele yake.

Jicho Kavu: Samahani, mkuu. Angalia hiyo barua.

Mgosi wa Perth: Nimeifungua. 8503 ipo. Mama yuko jikoni anakuna nazi, sijamwambia. Gari bado sijalighairi.