Ushauri: nipangeje kipindi cha nyimbo za bluzi na roki zinazoizungumzia Marekani?

Mleta uzi:
Wakuu, habari za jioni. Naendesha kipindi cha muziki kwenye redio ya jamii huku wilayani. Nimepewa saa moja nionyeshe jinsi wanamuziki wa bluzi (ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi) na roki wa Marekani wanavyoichora nchi yao. Shida ni kwamba wasikilizaji wangu wengi hawafuati maneno ya Kiingereza, wanashika kiitikio tu. Nikipiga "Born in the U.S.A." ya Bruce Springsteen (1984), watasikia wimbo wa kushangilia taifa. Beti zake zinasema mengine kabisa: kijana wa mji duni anapelekwa vitani Vietnam, akirudi anaomba kazi kiwandani anakosa, na ndugu yake amefia kulekule. Mwenzangu wa studio anataka niuache, eti unaisema vibaya nchi. Mimi naupenda mno. Nipange vipi, na nitafsiri kabla ya wimbo au baada?

MzeeWaSanturi:
Kijana wangu, rudi nyuma zaidi. Anza na mwimbaji wa bluzi Charley Patton, "High Water Everywhere", 1929. Anaimba mafuriko ya mto Mississippi ya 1927 na anataja miji kwa majina: Leland, Greenville, Rosedale, Vicksburg. Kuna mahali anasema angekimbilia vilimani lakini amezuiwa. Hapo simama uwaeleze watu, kwa sababu kule Greenville vibarua weusi walizuiwa kuondoka, wakawekwa kambini juu ya tuta la mto na kufanyishwa kazi. Nchi ya Patton ni hiyo: mto, tuta, na aliyeshika njia. Msikilizaji yeyote aliyewahi kuona maji yakiingia shambani atamwelewa.

BintiGitaa:
Nakubaliana na mzee, ila kaka usiwafanye watu waamini ni vilio mwanzo mwisho. Mpige Chuck Berry, mwanamuziki wa roki. "Back in the U.S.A." ya 1959 ni furaha tupu: mtu kashuka kwenye ndege, anashangilia maghorofa, barabara ndefu na nyama inayochomwa usiku na mchana. Kisha weka "Promised Land" ya 1964, mwimbaji yuleyule. Humo anasafiri kwa basi kutoka Norfolk, Virginia, kwenda California. Basi linapita Rock Hill bila kusimama, kisha linaharibika Alabama na anakwama Birmingham. Mwaka 1961 wanaharakati waliopanda mabasi kupinga ubaguzi walipigwa katika miji hiyo miwili. Berry hakulitaja hilo hata kwa neno moja, wala hakuhitaji. Mimi ningezipiga mfululizo bila kuongea katikati, halafu nieleze.

Kinanda_cha_Pwani:
Mkuu, huyo mwenzako wa studio mweleze habari ya J.B. Lenoir, mwimbaji wa bluzi. Mwaka 1954 alitoa "Eisenhower Blues", yenye jina la rais wa Marekani wa wakati huo, akilalamika kwamba hana kitu, kodi imemmaliza. Santuri ikaondolewa sokoni, akalazimika kuurekodi upya kwa jina jingine. Mtu anayeimba njaa ya nyumbani kwake hajaitukana nyumba.

Kuhusu Springsteen, hata wenye Kiingereza chao walishika kiitikio tu. Septemba 1984 Rais Reagan wa Marekani, akiwa kwenye kampeni huko Hammonton, New Jersey, alimsifu Springsteen kwa ujumbe wa matumaini. Tatizo lako lina dawa: tafuta toleo la gitaa tupu alilorekodi 1982, likatoka 1998 kwenye mkusanyiko wake "Tracks". Halina ngoma wala kelele, na uchungu unasikika hata bila tafsiri. Soma beti mbili kwa Kiswahili, piga hilo, ndipo uweke la 1984. Kwa hiyo tafsiri itangulie.

Mjukuu_wa_Ngoma:
Msimsahau mpiga gitaa Jimi Hendrix kwenye tamasha la Woodstock, Agosti 1969. Anaupiga wimbo wa taifa kwa gitaa, katikati unasikia mabomu yakianguka. Na huyu alikuwa askari wa miavuli 1961 hadi 1962. Haimbi neno hata moja, kwa hiyo hamna cha kutafsiri.

Mleta uzi:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Naanza na Patton, zinafuata mbili za Berry, kisha Lenoir na Hendrix, halafu Springsteen wa gitaa tupu na wa 1984. Mwenzangu nimempa asome zile beti mbili hewani yeye mwenyewe, na amekubali.