Wakuu naomba ushauri: nikate rufaa dhidi ya vijeba kwenye ligi ya kikapu ya vijana?

Mdunguaji wa Tabata (mleta mada):
Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja. Kijana wangu anacheza kikapu, ligi ya chini ya miaka 16 hapa Dar. Jumapili tumetolewa nusu fainali kwa pointi nne na timu ambayo ukiiangalia unajiuliza wazazi wao wako wapi, au wao ndio wazazi. Mmoja ndevu zimeunganika hadi masikioni. Mwingine namfahamu kabisa, jioni huwa anacheza na wakubwa mtaani kwetu. Kanuni inataka aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 2010. Rufaa mwisho kesho saa 6 mchana, ada tumeshachanga na wazazi wenzangu. Ila roho inasita. Nipeleke au niache? Usingizi hauji. Matusi hapana.

Kobe Mzee:
Nimevuta kigoda, naagiza kahawa.

Mama Ubuyu:
Mtu mzima unakosa usingizi kwa mpira wa watoto? Hesabu anapata ngapi huyo kijana? Wazazi wa siku hizi mnataka kila mtoto awe Hasheem Thabeet.

Babu wa UMISSETA:
Vijeba hawajaanza leo. Enzi zetu tulikuwa na mamluki mmoja, "kidato cha pili", akinyoa asubuhi, jioni kidevu kimerudi. Siku moja mkewe akaja kambini na mtoto mgongoni. Mwalimu akatutangazia kuwa ni dada yake. Kale katoto kakamwona, kakaita "baba!" mbele ya mgeni rasmi. Kombe tulichukua. Nikikumbuka nacheka peke yangu kwenye daladala.

Tabibu wa Zamu:
Ndevu si ushahidi. Kuna mtoto wa miaka 14 anakomaa mapema, na kuna wa 17 bado laini. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009 kule Nigeria. Kinaangalia kama mfupa umeshaunga. Hata hicho hakikwambii mtu kazaliwa lini, kinakupa tu sababu ya kumtilia shaka. Ligi ya mtaani haina hela ya MRI, kwa hiyo mtabishana kwa karatasi. Tena hata karatasi zikiwa safi, wa Januari na wa Desemba wanawekwa kundi moja. Mwaka mzima kasoro siku chache, kwa umri ule ni mwili tofauti kabisa.

Wakili wa Buguruni:
Mleta mada, mtu unamjua, ada ipo, siku haijapita. Sasa roho inasita nini?

Mdunguaji wa Tabata:
Inasita tu mkuu. Nisije nikaonekana mchonganishi.

Wakili wa Buguruni:
Wakianza kukagua vyeti hawakagui upande mmoja. Cha kijana wako kikoje?

Mdunguaji wa Tabata:
Halali kabisa. Kimetoka RITA, kina namba ya usajili.

Wakili wa Buguruni:
Sijauliza kama ni halali. Nimeuliza mtoto kazaliwa lini.

Kobe Mzee:
Kahawa imefika. Muongezee na kashata.

Mdunguaji wa Tabata:
Sawa, niseme. Cheti kinasoma 2010. Kadi ya kliniki inasoma 2008. Lakini msinihukumu kabla ya kunisikia! Alikuja Dar kutoka Kahama hajasajiliwa, shule alichelewa kuanza, tukamwandikisha darasa la tatu na urefu wake ule. Wenzake wakimwita mjomba. Tulipokwenda kumsajili tukapunguza miaka miwili ili asione aibu. Kikapu hata hakijui wakati huo. Kwa hiyo hatukudanganya kwa ajili ya mpira, na ndiyo maana sioni kama sisi na hao wenye ndevu ni kitu kimoja. Wao wamepanga.

Mama Ubuyu:
Nyani haoni kundule. Unaapa kwa uongo, halafu unachangisha wazazi wenzako hela ya kushitaki uongo!

Mtoto wa Gongolamboto:
Kwa hiyo mlifungwa na vijeba na nyinyi mna kijeba? Kijeba wenu ni mbovu, uza.

Tabibu wa Zamu:
Mnacheka, lakini wanaoumia ni watoto wa upande ule waliozaliwa kweli 2010. Huyo wa 2008 anawaruka kichwani chini ya rimu, na kuna aliyekosa namba kwenye timu yenu kwa sababu yake.

Mdunguaji wa Tabata:
Ana nidhamu kuliko wote. Na kuna shule imeahidi kumsomesha bure kwa ajili ya kikapu. Nikisema leo nimemkatia riziki. Rufaa nimeshaiandika, naulizia tu kama inawezekana wakague yule mmoja pekee.

Babu wa UMISSETA:
Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya soka ya chini ya miaka 17, walifuzu fainali za Afrika za vijana za 2005 kule Gambia, wakaondolewa kwa mchezaji mmoja aliyezidi umri. Mmoja tu. Taifa zima likabaki nyumbani.

Wakili wa Buguruni:
Marekani mwaka 2001 kulikuwa na Danny Almonte, besiboli ya watoto, timu ya Bronx. Wapinzani walikodi hadi wapelelezi binafsi wasipate kitu. Baadaye ikaonekana kazaliwa 1987, si 1989, na kumbukumbu za uzazi zilikuwa mbili, kama zako. Matokeo yote ya timu yakafutwa na baba yake akafungiwa maisha. Mtoto hakulaumiwa. Fikiria hapo.

Jicho la Mwewe:
Samahani wakuu, hii ni chai. Nimefukua nyuzi zake. Mwaka jana aliomba dawa ya kuku wanaoharisha, akajieleza "mimi bachela sina mtoto". Leo ana kijana wa miaka 16, au 18, tuelewane basi.

Mtoto wa Gongolamboto:
Labda na yeye alipunguza umri wakati wa kuku.

Mdunguaji wa Tabata:
Ni wa marehemu dada yangu! Mtoto wa dada si mwanangu? Kuku ni kweli walikuwepo.

Jicho la Mwewe:
Weka picha ya kadi ya kliniki, ziba jina.

Mdunguaji wa Tabata:
Iko kwa bibi yake Kahama.

Jicho la Mwewe:
Nilijua.

Babu wa UMISSETA:
Kwani ikiwa ya kutunga, swali linakufa? Vijana wa hivyo wamejaa kila kiwanja.

Mama Ubuyu:
Mimi nataka kujua hao kuku walipona? Wangu wanaanza kuharisha.

Mdunguaji wa Tabata:
Kocha kanipigia sasa hivi. Timu tuliyoitoa robo fainali imeruhusiwa kuleta pingamizi, na wamelileta. Wanataka vyeti vyetu vyote.

Jicho la Mwewe:
Sasa umeweka na tangawizi.