Nimebandua vigae jikoni, ukuta niuandaeje?

Muulizaji: Habari zenu wakuu. Nyuma ya jiko vigae vya zamani vimetoka na vipande vya lipu. Upande wa sinki vimegoma. Ukuta wa tatu una rangi ya mafuta tu. Fundi anasema tupige vipya juu kwa juu, gundi itashika. Nimevipenda vya poseleni, sentimita 60 kwa 60. Naombeni ushauri kabla sijanunua.

Jibu la 1: Juu kwa juu inawezekana kama vya chini vimeshika vyote. Vya kwako vinadondoka na lipu yake, bandua tu.

Jibu la 2: Dada, mimi kazi yangu ni vigae. Chukua mpini wa bisibisi, gonga ukuta wote taratibu. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachana na tofali, itoe yote. Hiyo rangi ya mafuta usiionee huruma hata kidogo: gundi itashika rangi, na siku rangi ikiachia vinashuka vyote. Ikwangue, chokoa ukuta kwa patasi, futa vumbi, paka praima, yaani rangi ya kwanza ya kusaidia gundi kushika. Halafu egemeza ubao ulionyooka wa mita 2. Mwanya ukizidi milimita 3, sawazisha kwa lipu kwanza, gundi si ya kujazia mabonde. Lipu mpya ya saruji iache wiki 4, maana husinyaa ikikauka, na vigae vilivyobandikwa mapema hupasuka nayo.

Muulizaji: Asante sana fundi. Na hivyo vya poseleni nivilowanishe kwanza?

Jibu la 2: Hapana. Poseleni hainywi maji, haifiki hata asilimia 0.5, ndiyo maana rojo ya saruji tupu haiishiki. Tumia gundi ya unga yenye polima (kiambato cha plastiki cha kuongeza mshiko), ipake kwa mwiko wa meno ukutani, na mgongoni mwa kigae pia. Ila kwa ukuta wa jikoni mimi ningechukua seramiki: nyepesi, na matundu ya soketi yanakatika bila tabu. Kigae cha 60 kwa 60 cha poseleni kinapita kilo 7, na lipu yako tumeshaiona.

Jibu la 3: Nyuma ya jiko weka grauti (ile ya kujazia nafasi kati ya vigae) ya epoksi, yaani ya gundi ngumu badala ya saruji, hainywi mafuta. Kwenye pembe na ukingo wa sinki weka silikoni, hapo grauti hupasuka.

Jibu la 2: Kweli kabisa. Na kabla ya kuchokoa karibu na soketi, zima umeme kwenye swichi kuu.