Kikombe kimoja tu na moyo unaenda mbio: ni kafeini au ni shambulio la hofu?

msoma_lebo (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa vipimo, maana jibu la "acha kahawa" tumeshalisikia sote.

Wapo wanaokunywa vikombe vinne na usiku wakalala fofofo. Wapo ambao kikombe kimoja kinatosha: mikono inatetemeka, moyo unadunda, kifua kinabana, kisha inakuja ile hofu ya ghafla ya kudhani roho inatoka. Nauliza: mtu atatofautishaje mtetemeko wa kafeini na shambulio la hofu lenyewe? Kwa nini miili inapishana kiasi hiki? Na akitaka kujua kwa uhakika kama kafeini ndiyo mchokozi, ajipime vipi?

---

saa_na_kipimo

Tuanze na saa, mkuu, kikombe kitafuata. Kafeini hufika kileleni kwenye damu dakika 30 hadi 60 hivi baada ya kunywa, halafu hushuka taratibu. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu yake huondoka katika saa 5 hivi. Kwa hiyo mtetemeko wake hupanda polepole na kushuka polepole. Shambulio la hofu hulipuka: kilele ndani ya dakika 10, na mara nyingi limeshatulia kabla ya nusu saa kwisha. Wahaka wa saa tatu usio na kilele, ulioanza baada ya kahawa, unaelekea zaidi kwenye kafeini. Wimbi lililokuja dakika 40 baada ya kikombe, likapanda ghafla na kuisha, hapo mambo mawili yameungana.

Yanaunganaje? Adenosini ni kemikali inayouambia ubongo upunguze mwendo. Kafeini hukaa kwenye vipokezi vyake na kuizuia isifanye kazi. Breki ikilegea, adrenalini hupanda, moyo hupiga kwa nguvu, pumzi huongezeka kasi, viganja hutoa jasho. Kwa mtu mwenye moyo mzima, hayo kwa kiasi cha kikombe kimoja ni kero tu. Lakini ndizo zile zile dalili ambazo aliyewahi kupata shambulio amezizoea kama tarumbeta ya hatari. Anajiuliza "moyo unasimama?", na adrenalini inaongezeka kwa swali hilo tu. Anavuta hewa kupita mahitaji, kabonidayoksaidi kwenye damu inashuka, vidole na midomo vinakufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi. Hapo ganzi nayo inahesabiwa kuwa ushahidi kwamba kuna jambo baya.

Katika majaribio, watu wenye ugonjwa wa mashambulio ya hofu wakipewa kwa mpigo mmoja kafeini sawa na vikombe vitano hivi, karibu nusu yao hupata shambulio. Wasio na ugonjwa huo ni nadra sana kupata. Vikombe vitano kwa mpigo ni vingi, tusichukue matokeo hayo kusema kikombe cha chai ni sumu.

Kuhusu kupishana kwa miili: kafeini huvunjwa na kimeng'enya cha ini kinachoitwa CYP1A2, na kasi yake haifanani kwa watu. Sigara hukiharakisha, kwa hiyo mvutaji huondoa kafeini karibu mara mbili ya kasi ya kawaida. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hufanya kinyume, muda unakaribia kuwa mara mbili. Miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, nusu inaweza kuchukua hadi saa 15 kuondoka. Fluvoxamini (dawa ya sonona na wasiwasi) na siprofloksasini (antibayotiki) hukizuia kimeng'enya hicho, na ya kwanza hukizuia vikali. Kuna pia tofauti za kurithi kwenye jeni ya kipokezi cha adenosini, ADORA2A: wenye namna fulani ya jeni hiyo hupata wasiwasi kwa miligramu 150 tu, ilhali wengine hawahisi kitu.

Piga hesabu ndogo. Miligramu 200 saa 10 jioni huacha 100 saa 3 usiku na 50 saa 8 usiku. Kwa anayeondoa polepole mara mbili, saa 8 usiku bado ana 100, yaani kikombe kizima kiko kwenye damu huku amelala. Usingizi ukiharibika, kesho yake wasiwasi unapanda hata kabla hajagusa kahawa.

---

mpima_vikombe

Naongeza upande wa kiasi, kwa sababu "kikombe kimoja" ni kipimo cha uongo. Kahawa ya kuchuja ya mililita 240 huwa na miligramu 95 hivi, lakini 70 hadi 140 si ajabu. Ya unga wa kuyeyuka ni karibu 60, chai ya rangi 40 hadi 50, chai ya kijani 30 hivi, kola ya mililita 330 kama 30 na ushei. Kinywaji cha kuongeza nguvu cha mililita 250 huwa na 80, na kopo la nusu lita lenye nguvu ile ile ni 160. Ukiona guarana kwenye lebo, hiyo nayo ni kafeini kwa jina lingine.

Aina ya mbegu inabadilisha mambo kuliko watu wanavyodhani: robusta ina kafeini karibu maradufu ya arabika. Kukaanga hadi iwe nyeusi hakuongezi kafeini, kunaongeza uchungu tu.

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye dawa. Baadhi ya vidonge vya parasetamoli huchanganywa na kafeini miligramu 65 kwa kidonge. Mtu "ameacha kahawa", kichwa kinamuuma, anameza viwili: 130 hizo. Halafu anashangaa moyo unadunda wakati hajanywa kitu.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2015 iliweka miligramu 400 kwa siku na 200 kwa mara moja kuwa hazileti shaka kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa siku kwa mjamzito. Ni kiwango cha watu kwa ujumla. Mwenye mashambulio ya hofu asikitumie kama ruhusa.

---

punguza_kwa_robo

Swali la tatu halijajibiwa, na ndipo wengi wanapokosea. Wanaacha ghafla, na jaribio linaharibika siku ya kwanza. Dalili za kuacha huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, huwa kali siku ya kwanza na ya pili, na zinaweza kufika siku 9: kichwa kuuma, uchovu, hasira za karibu, akili kutotulia. Mtu anahitimisha kwamba bila kahawa wasiwasi umezidi, anarudi kunywa, kichwa kinapoa, na anaamini kahawa ilikuwa dawa.

Siku tatu za kwanza usibadilishe chochote, andika tu kila kilicho na kafeini, saa na miligramu. Kisha punguza robo ya jumla kila baada ya siku 3 au 4. Aliye kwenye 300 anashuka 225, 150, 75, sifuri, yaani wiki mbili hivi. Njia rahisi ni kuchanganya kahawa ya kawaida na isiyo na kafeini, ili mazoea ya kikombe yabaki. Hiyo isiyo na kafeini kwa kawaida huwa na miligramu 2 hadi 7, si sifuri kamili, ila ni watu wachache mno wanaoihisi.

Kaa wiki mbili bila kafeini huku ukiandika kila siku wasiwasi kwa alama 0 hadi 10, saa za usingizi, na idadi ya mashambulio. Ndipo urudishe miligramu 50 asubuhi, tumbo likiwa na chakula, siku ambayo usingizi ulikuwa mzuri. Hesabu mapigo kabla ya kunywa, dakika 45 baadaye, na saa 2 baadaye. Rudia siku tatu tofauti.

Hofu ya kahawa peke yake huweza kuleta dalili. Kwa hiyo mwombe mtu mwingine aandae vikombe, siku nyingine chenye kafeini na siku nyingine kisicho nayo, bila kukuambia, na aandike pembeni. Alama zikiwa sawa kwa vyote viwili, mchokozi si kafeini, ni kule kuitarajia. Tahadhari moja: ambaye mashambulio yake ni makali aishie kwenye kuacha, sehemu ya kurudisha aifanye na tabibu wake.

---

msoma_lebo

Shukrani wakuu, hapa kuna shule. Mawili yamebaki: shambulio likishaanza baada ya kahawa, maji mengi yanasaidia kuiosha? Na ni wakati gani mtu asijipime mwenyewe, aende hospitali?

---

saa_na_kipimo

Maji hayaioshi. Kinachoiondoa ni ini, na ini halina haraka. Kinachoweza kubadilishwa ni pumzi: vuta kwa pua sekunde 4, toa polepole sekunde 6, dakika 5 au zaidi, bila kujaza kifua. Usipumulie kwenye mfuko wa karatasi. Kama tatizo ni pumu au moyo, unajinyima oksijeni. Acha pia kushika mshipa kila dakika, maana kila hesabu ni swali jipya kwa ubongo. Kutembea taratibu kunafaa.

Hospitali bila kusubiri: maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, kuzimia, au dalili zinazoanza ukiwa kwenye mazoezi. Mapigo yanayorukaruka bila mpangilio nayo ni ya daktari, hata kama yanatulia yenyewe. Dalili zikibaki vile vile baada ya wiki mbili bila kafeini, omba upimwe tezi ya shingo na wingi wa damu, kwani tezi iliyozidi kufanya kazi na upungufu wa damu vyote huufanya moyo uende mbio. Na mashambulio yakiendelea bila kahawa, huo ni ugonjwa unaojitegemea na una tiba yake, ya mazungumzo na ya dawa.

---

mpima_vikombe

Wanaotumia lithiamu au klozapini (dawa za magonjwa ya akili) wasiguse ratiba ya kupunguza kabla ya kuongea na daktari. Kafeini ikiondoka, lithiamu hupanda kwenye damu, klozapini hushuka. Dozi huenda ikahitaji kurekebishwa.

Na anayeacha sigara: kile kimeng'enya kinarudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya siku chache, kwa hiyo vikombe vile vile vinakuwa kama maradufu. Wengi wanaulaumu ukosefu wa nikotini kwa wahaka wa wiki hiyo. Apunguze kahawa kwa nusu siku ile ile anayozima sigara ya mwisho.