Hedifoni za Bluetooth zimekubali kuoana na kompyuta ya mezani, lakini darasa likianza sauti inaharibika

Mwalimu wa Jioni

Habari za wakati huu, wakuu. Ninafundisha hisabati kwa njia ya mtandao nikiwa nyumbani, kwa kutumia kompyuta ya mezani yenye Windows 10 ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika. Kwa kuwa haikuwa na Bluetooth, nilinunua adapta ndogo ya USB, nikaichomeka nyuma ya mashine, na hedifoni zangu zikaoana nayo bila taabu. Nikisikiliza muziki, sauti ni safi kabisa. Lakini darasa likianza, sauti za wanafunzi huwa kama zinatoka ndani ya debe, na wao nao hulalamika kwamba sisikiki vizuri. Nikichomeka diski ya nje ili nifungue masomo ya zamani, sauti hukatikakatika. Isitoshe, hedifoni zikiwashwa hukimbilia simu kabla ya kompyuta, na picha za ubao ninazozituma kutoka kwenye simu hazipokelewi. Aliyeniuzia adapta ananishauri ninunue hedifoni za bei kubwa zaidi. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha.

Fundi Waya

Mwalimu, usinunue hedifoni nyingine, kwa maana huenda hata hizo za bei kubwa zikakufanyia vilevile. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za kubeba sauti, na hedifoni hutumia moja tu kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza, A2DP, hupeleka sauti ya stirio upande mmoja tu, yaani kutoka kwenye kompyuta kwenda masikioni. Njia ya pili, HFP, ni ya mazungumzo ya simu: hubeba sauti kwenda na kurudi, lakini kwa ubora mdogo, kwa sampuli (yaani vipimo vya sauti) 8,000 kwa sekunde, au 16,000 iwapo vifaa vyote viwili vinaikubali aina iliyoboreshwa, ilhali CD ya muziki ina sampuli 44,100. Programu ya darasa inapoomba maikrofoni ya hedifoni, Windows huhamia njia ya pili papo hapo, na hilo ndilo debe unalolisikia.

Dawa yake ni kuziachia hedifoni kazi ya kusikiliza peke yake. Tafuta maikrofoni nyingine, iwe ya kamera ya kompyuta au ya waya ya bei nafuu, kisha ndani ya programu ya darasa uchague maikrofoni hiyo, na upande wa kusikilizia uchague jina la hedifoni lenye neno "Stereo", si lile lenye "Hands-Free". Ukitaka programu isirudi huko yenyewe, fungua orodha ya vifaa na printa katika Paneli Dhibiti, ingia kwenye sifa za hedifoni, na katika sehemu ya huduma uondoe tiki ya huduma ya simu.

Mkaa Mezani

Naongezea kuhusu kukatikakatika. Bluetooth hutumia masafa ya 2.4 GHz, na vifaa vya USB 3.0 pamoja na nyaya zake hutoa kelele ya redio inayoangukia masafa hayohayo. Intel waliliandikia jambo hili tangu mwaka 2012. Adapta yako imekaa nyuma ya kasha la chuma, pengine chini ya meza, ikipakana na diski. Nunua waya wa kurefusha USB, uuchomeke kwenye tundu la USB 2.0, ambalo kwa kawaida si lile la bluu, na uiweke adapta juu ya meza mahali inapotazamana nawe.

Bi Saa Sita

Kuhusu picha, kompyuta haizikatai, inasubiri iambiwe. Bofya alama ya Bluetooth karibu na saa, uchague kupokea faili, ndipo utume kutoka kwenye simu. Hilo ni kwa simu za Android, kwani iPhone haitumi faili kwa Bluetooth kwenda Windows. Video usijaribu: ya MB 300 itakuchukua kama dakika 20 hata mambo yakienda vizuri, kwa hiyo tumia waya wa simu. Na kama hedifoni zako haziwezi kushika vifaa viwili kwa pamoja, zima Bluetooth ya simu kabla ya kuziwasha.

Kijana wa Stoo

Wakuu, kwa nini tunazunguka hivi? Hedifoni za waya zenye maikrofoni zingeyamaliza haya yote, tena hazihitaji kuchajiwa.

Mwalimu wa Jioni

Kijana wa Stoo, ushauri wako ni wa haki, ila ninafundisha nikiwa nimesimama ubaoni, na waya umeshaniangushia kikombe cha chai juu ya kibodi.

Nawaletea mrejesho. Jana nilitumia maikrofoni ya kamera na kuchagua "Stereo", na kwa mara ya kwanza nikawatambua wanafunzi kwa sauti zao. Adapta sasa iko juu ya meza, na diski ilifanya kazi saa nzima bila sauti kukatika. Picha pia zimepokelewa. Limebaki moja: nikiwa ubaoni, maikrofoni ya kamera inanisikia kwa mbali. Fundi Waya, je, maikrofoni ya kubana kwenye kola, yenye kipokezi chake cha USB, itagombana na hii Bluetooth?

Fundi Waya

Nyingi hutumia 2.4 GHz vilevile, lakini kwa kawaida huelewana. Kipokezi chake kichomeke mbele ya mashine, mbali na adapta, ujaribu kabla ya siku ya darasa.